Kamba ya Ng'ombe Wasiokuwepo

Harufu ya tumbaku ya kienyeji ikinipitia njiani, hata leo, hunirudisha moja kwa moja kwenye mawe meusi ya Goma, asubuhi, kabla jua halijapasha joto kitu chochote. Bibi yetu alikuwa mvuta kiko. Tulimwita Tate, kama watoto wengi wa Kivu wanavyowaita babu na bibi zao, na kiko chake kilitoka mdomoni wakati wa kula na wakati wa kusali tu. Hata wakati wa kusali, Mama alilalamika, alikuwa akikishika mkononi kwa siri ili kisipoe. Moshi wake ulichanganyika na harufu ya turubai jipya, ya maharagwe yanayochemka bila chumvi, na ya yale mawe ya volkano ambayo baada ya mvua hunuka kama sufuria iliyounguzwa. Wako watu wanaosema utoto wao ulinukia maziwa na mkate. Wangu ulinuka tumbaku, na sioni aibu kusema hivyo.

Tulikuwa watu wa Masisi, kwenye milima ya malisho, ambako ukungu hulala mpaka saa nne na ng'ombe huonekana miguu kwanza. Vita vilipofika kwetu, Baba alibaki nyuma akisema atakusanya mifugo kisha atufuate. Hakutufuata, wala ng'ombe hatukuwaona tena. Tuliteremka watu wanne kwa miguu: Mama, Tate, mimi Furaha niliyekuwa na miaka kama tisa, na mdogo wangu Dieudonné, ambaye jina lake lote lilitamkwa siku ya ubatizo tu. Alikuwa Dodo, mtoto wa miaka minne mwenye sweta nyekundu ya mitumba iliyomfika magotini. Mama alijitwika sufuria na blanketi. Tate alichukua fimbo yake ya kuchungia, ile yenye kichwa kilichopinda, akachukua kiko, na akajizungushia kiunoni, juu ya kitenge, kamba ndefu ya katani aliyokuwa akifungia mafahali wakorofi. Kamba ile Mama hakuisamehe. Kila tulipokaa kupumzika alianza upya: "Tumeacha kinu, tumeacha unga, na mama muzee anabeba kamba ya ng'ombe. Ng'ombe gani? Baniambie, ng'ombe gani?" Tate alikuwa akitazama pembeni na kupuliza moshi.

Wakimbizi wengi wa siku zile walielekezwa magharibi ya mji, si mbali na ziwa, mahali ambapo zamani moto wa mlima ulipita ukaacha ardhi ya mawe matupu yenye makali. Kutoka pale tuliona mabati mapya ya mtaa wa Himbi yakimetameta kando ya maji, na usiku taa zao, lakini Himbi ilikuwa dunia nyingine. Sisi tulipewa turubai na fito, tukaambiwa tujitafutie pa kusimamisha kibanda. Na hapo ndipo Tate alipofanya kosa ambalo mtu wa milimani peke yake angelifanya. Kwetu Masisi adui wa kwanza wa nyumba ni upepo. Mtu mwenye akili hajengi kileleni; anatafuta bonde dogo, mahali palipobonyea, penye majani, ambapo ndama hujilaza wenyewe baridi inapozidi. Tate alizunguka akitukana mawe, mara akaona bonde hasa: shimo pana lenye majani mabichi yaliyosimama vizuri, bila upepo, na joto kidogo likitoka chini. Akafurahi kama aliyeokota pesa. "Batu ba Goma hawa," alisema, "banalala juu ya mawe sawa mijusi, na hapa kuko majani ya kweli!" Alikuwa ameshaanza kuteremka na fito begani.

Aliyetuzuia alikuwa mwanamume mfupi, mfupi hasa, aliyekuwa akisukuma chukudu barabarani, ile baiskeli kubwa ya mbao isiyo na pedali ambayo bila yake Goma isingepata viazi wala makala, yale makaa ya kupikia. Jina lake Papa Kasereka. Aliitupa chukudu pamoja na magunia yake ya makala akaja mbio akipiga kelele: "Mama muzee, toka mule! Toka! Mule muko mazuku!" Tate hakuwa mtu wa kupigiwa kelele na mtu anayemfikia kwapani. Akamuuliza kama shimo ni la baba yake. Papa Kasereka hakubishana. Aliokota majani makavu ya mgomba yaliyokuwa yamefungia magunia, akayawasha, akayafunga kwenye ncha ya ufito, akayateremsha polepole juu ya yale majani mabichi. Moto ulikuwa ukiwaka vizuri. Ulipofika kimo cha kiuno ukazimika, ghafla, kama mtu ameuziba kwa mkono. Akawasha tena, ukazimika palepale. Kulikuwa hakuna maji, hakuna upepo, hakuna kitu cha kuonekana. Dodo alicheka, akidhani ni mchezo.

Alitueleza kwamba ardhi ile hutoa hewa nzito isiyoonekana, ambayo hujaa kwenye mashimo kama maji yanavyojaa beseni, na anayezama humo hazinduki. Ndiyo mazuku. Mbuzi hufa kwanza, kisha watoto, kwa sababu pua zao ziko chini. Kabla yetu baba mmoja alikuwa amemfuata kondoo wake mle akaanguka. Kaka yake akaingia, akainama kumwinua. "Yule wa pili alikuwa murefu, kichwa yake ilikuwa inje," alisema Papa Kasereka. "Kama hangeinama, angeishi." Mama alitushika mikono mimi na Dodo mpaka vidole vikauma. Tulijenga juu kabisa, kwenye mawe, kama mijusi.

Tate alinuna. Nadhani kilichomuuma zaidi ya hatari yenyewe ni kwamba majani mazuri yalikuwa yamemdanganya, yeye aliyesoma majani maisha yake yote. Kuanzia kesho yake alikuwa akienda kila asubuhi kukaa kwenye ukingo wa lile shimo. Alichomeka kaa la moto kwenye ncha ya fimbo, akaliteremsha, akatazama linafifia wapi. Kisha mchana, upepo wa ziwa ukianza, alirudi akaliteremsha tena. Alilizungumzia shimo lile kama fahali. "Leo iko na hasira," alituambia, au, "sasa imelala, imeshuka mpaka kwa magoti." Majirani walituonea huruma kwa kuwa na bibi aliyeanza kupotewa na akili. Mama naye alikuwa na hesabu yake. Tate alikuwa na kikohozi kibaya, kile kikavu kinachomkunja mtu mpaka kitenge kinamfunguka, na Mama aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mvua zikianza tutamzika. Tate mwenyewe hakukataa kwamba umri wake umekwisha. Alisema siku zake zote alikwisha kuzila, hizi anaramba sufuria. Ila alikuwa na sharti moja: atakufa Masisi, alale karibu na mume wake, penye udongo. "Mimi sitakufwa hapa," alikuwa akisema akigonga mawe kwa fimbo. "Hapa hata kaburi haichimbike."

Siku yenyewe ilianza bila upepo. Hilo nalikumbuka kuliko yote: moshi wa majiko ulisimama wima juu ya kambi, na ziwa lilikuwa kama limemwagiwa mafuta. Watoto wakubwa walikuwa wakicheza mpira wa mifuko ya plastiki kwenye njia, na Dodo akiwa mdogo kuliko wote alikuwa akiukimbilia kila ulipotoka. Mama alikuwa anarudi na bido, dumu la maji, kichwani, nami nikitembea nyuma yake na bido dogo. Mtu akaupiga mpira vibaya. Ukadunda kwenye mawe, ukapotea, na ile sweta nyekundu ikaufuata. Wakubwa wakaanza kuita, wote kwa pamoja, "Dodo! Dodo, rudia!" Nilimwona akiteremka ndani ya majani kama mtoto anayeingia mtoni kuoga, magoti, kiuno, mabega. Akauokota mpira. Akageuka kututazama kwa fahari. Halafu akaketi chini, taratibu, kama aliyechoka, na akalala.

Sijui nilipiga kelele gani. Mama aliachia bido, likapasuka kwenye mawe, na akakimbia kuelekea shimoni akiwa amefungua mikono yote miwili. Tate alikuwa kwenye ukingo, mahali pake pa kila asubuhi. Aliinuka, na Mama alipomfikia, akamtandika fimbo kifuani kwa nguvu zote. Mama akaanguka chali. Akainuka akiwa kama kichaa, akampiga Tate usoni, na mimi nikaona damu mdomoni mwa bibi yangu, na Tate akamtandika tena. Watu walikuja mbio wakidhani wanagombana. Papa Kasereka alikuwa miongoni mwao, ameshavua viatu, ameshavuta pumzi tayari kuingia, na Tate akamwekea fimbo naye.

"Wewe, hapana. Uko mufupi."

Alisema hivyo hivyo, bila kumtazama, akiwa tayari anaifungua kiunoni ile kamba ambayo tangu Masisi hakuacha kuivaa. Kaa la moto lilikuwa kwenye fimbo nyingine, kijiti tu. Alilishusha mara moja, akaona lilipozimika, akajigusa mwilini kuweka alama. Lilikuwa limefika kifuani mwake. Asubuhi nyingine lilikuwa likizimikia shingoni. Mwanamke mwingine wa kimo chake hakuwepo pale, na wanaume warefu, niseme ukweli, walikuwa wamesimama nyuma. Siwalaumu. Wengi walikuwa wageni kama sisi na waliisikia ile habari ya ndugu wawili. Alijifunga kamba chini ya makwapa kwa fundo la ng'ombe, akamrushia Mama ncha nyingine. Mama alikuwa bado analia akitaka kupita. Tate akamshika kidevu.

"Mama Furaha. Angalia mimi. Wewe ukishuka, nani atavuta?"

Mama akaishika kamba. Nadhani hakuna neno lingine ambalo lingemsimamisha.

Kisha kikohozi kikamkamata Tate. Kwenye ukingo kabisa, mguu mmoja ukiwa umeshatangulia, kikamkunja kama kilivyomkunja kila siku, na sisi sote tukasimama tukimsubiri amalize kukohoa wakati sweta nyekundu imelala pale chini, karibu kiasi cha kurusha jiwe, bila kutikisika. Nilimchukia wakati ule. Nilichukia kiko chake, tumbaku yake, uzee wake. Mama alikuwa akisema kwa sauti ndogo, "Mungu wangu, Mungu wangu, Mungu wangu." Tate alitema mate, akafuta damu mdomoni, akainua uso juu, akavuta pumzi ndefu iliyolia kifuani kama mlango mbovu, akafumba mdomo, akaingia.

Alitembea polepole. Watu walipiga kelele akimbie, naye hakukimbia, alitembea kama mchungaji anavyomwendea ng'ombe mwenye wasiwasi, kidevu juu, macho mbele, na mimi nikaelewa baadaye sana kwamba anayekimbia hupumua. Majani yalimfika mapajani. Alipomfikia Dodo hakuinama. Kila mtu aliyekuwa ukingoni mwili wake uliinama badala yake, tulijikunja wote, lakini yeye alisimama wima na kuteremsha fimbo, akaitafuta shingo ya ile sweta kwa kichwa kilichopinda. Ikaponyoka. Akatafuta tena. Safari hii sufu ilishika, na akaanza kumvuta juu kando ya mwili wake, mkono kwa mkono kwenye fimbo, mpaka alipompata kwenye ukosi na kumkumbatia juu ya bega. Uso wa Tate ulikuwa umebadilika rangi. Akageuka. Alipiga hatua, akapiga nyingine, kisha magoti yakakataa.

"Vuta!" Papa Kasereka alinguruma, lakini Mama alikuwa ameshavuta. Sijawahi kuona nguvu kama ile. Tuliishika wote, Papa Kasereka, mimi, watoto wa mpira, na kamba ikachuna viganja vyetu, na Tate akaburutwa juu ya yale mawe makali mgongo wake ukichanika, mikono yake ikiwa imefungana nyuma ya Dodo hivi kwamba tulipowatoa ilibidi tuifungue kidole kwa kidole.

Tuliwalaza juu, barabarani, mahali pa wazi. Papa Kasereka alimgeuza Dodo, akampiga mgongoni, akampulizia hewa mdomoni, akampiga tena. Uso wa mdogo wangu ulikuwa wa majivu. Wanawake walikuwa wameanza ile sauti ya msiba, na Mama akawageukia akawaambia wanyamaze kwa tusi ambalo sikujua kama analijua. Ndipo Dodo akatapika. Akatapika tena, akafungua mdomo na kulia, kilio kibaya cha kudeka, akitaka mpira wake. Mama alicheka. Alimbeba, akambusu kila mahali, akaniwekea mikononi, kisha akatambaa kwa magoti mpaka alipolala mama mkwe wake, ambaye alikuwa bado hajatikisika.

Tangu aolewe Mama alikuwa akimwita Tate kama sisi watoto, au "mama muzee" akiwa amekasirika. Siku ile alimshika mashavu akamwita, "Mama. Mama yangu. Rudia." Alimpepea kwa kitenge. Upepo wa kwanza wa ziwa ulikuwa umeanza kuja. Kifua cha Tate kililia, kikanyamaza, kikalia tena, na baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko safari ya kutoka Masisi, alifumbua jicho moja.

"Kiko yangu iko wapi?"

Kilikuwa kimeanguka shimoni. Hakuna aliyekwenda kukichukua, na alitununia wote kwa jambo hilo.

Jumapili mchungaji alihubiri kwamba mwanamke mzee alimpa mjukuu wake siku zilizombakia. Watu walilia. Majirani wakaanza kumwangalia Tate kwa upole wa kumuaga, wakimletea uji, wakiongea naye kwa sauti ya chini, na kila mmoja akasubiri kwa adabu afe. Mvua zikaja, hakufa. Zikaisha. Papa Kasereka alimchongea kiko kipya kwa mti ule ule wa chukudu. Tuliondoka kambini, tukapanga chumba, Mama akauza makala kisha vitenge, vita vikaenda na kurudi kwa majina mengine, mlima ukatema moto tukakimbia tukarudi, na Tate alikuwa bado yupo, mlangoni, akikohoa. Nilimaliza shule nikiwa naye. Niliolewa akiwepo, na akamwambia mume wangu kwamba ni mfupi.

Alianza kuondoka miaka mingi baadaye, Dodo akiwa mwanamume mwenye pikipiki yake, anayebeba abiria mpaka Rutshuru. Kifua kilikuwa kimekataa. Dodo hakukubali. Alimpeleka hospitali, akatafuta chupa za oksijeni mji mzima, akagombana na wauguzi, akamwambia daktari kijana kwamba mtu huyu anajua kubana pumzi kuliko wote. Daktari alisema kwa upole kwamba mapafu ni mazee tu. Tulimrudisha nyumbani. Asubuhi ile Dodo alikuwa amejikunja juu ya kitanda, uso wake umekaribia wa Tate, akipumua naye, nadhani alikuwa anajaribu kumpumulia. Tate aliinua mkono wake mwembamba akauweka kifuani mwa Dodo, palepale alipompigia Mama fimbo, akamsukuma.

"Simama, Dodo. Usiiname."

Dodo akasimama wima. Alilia akiwa wima hivyo, mikono ikining'inia.

Masisi hatukuweza kumpeleka, barabara ilikuwa imefungwa tena. Ile ardhi aliyosema haichimbike, vijana waliichimba kwa nyundo na mitaimbo mpaka wakapata kina cha kutosha, na udongo wa juu tuliununua kwa magunia. Wakati wa kuteremsha sanduku kamba moja ilikuwa pungufu. Mama, ambaye naye sasa ni mzee, alienda kwenye mfuko wake akaleta ile ya katani, na alipoombwa aikabidhi kwa wanaume alikataa. Aliishika ncha yake mwenyewe. Sanduku likashuka, likagusa chini, wanaume watatu wakalegeza, na upande wa Mama kamba ikabaki imekaza. Alikuwa anavuta. Miguu yake ilikuwa imejipanga kwenye mawe kama siku ile, na viganja vyake vilikuwa vyeupe. Dodo alienda akasimama nyuma yake, akamshika mikono, akamwambia polepole, "Mama, achilia."

Mwaka huu watu wanateremka tena kutoka milimani, wengi kuliko wakati wetu, na turubai zimerudi kwenye mawe yale yale. Lile shimo sasa limewekwa kibao chenye fuvu, lakini majani yake bado ni mazuri, na watu wa kwetu bado wanayapenda. Juzi nilimkuta babu mmoja akiteremka na fito begani. Nilimpigia kelele, akaniuliza kama shimo ni la baba yangu. Nikaenda kutafuta majani makavu ya mgomba. Kamba iko nyumbani kwangu, imetundikwa nje ya mlango, mahali ambapo mtoto yeyote anaweza kuifikia.